Bwana Gundi Arithi Benki

Gundi Toledo kafika, na bomba lake kwapani,
Benki inatetemeka, makarani uvunguni,
Mara barua yashuka, ya shangazi kaburini:
Idela amemwandika, benki hiyo, wasiani!

Siku tano hajalala, akagua makufuli,
Panya akigusa hela, apiga kelele kali,
Amwita Kimondo: "Ala! Njoo, linda yangu mali!"
Kimondo aacha kula, joho lina haradali.

Mbele ya kasha, ajabu! Gundi na kinyago chake,
Mazoea yana tabu, aiba noti za kwake.
"Nikushike kwa sababu ipi? Mwizi na fedhake!"
Gundi akosa jawabu, alia: "Basi, nishike!"