Kishada Kisicho na Mfupa

Miavuli kumi na tisa nilikusanya
jalalani Majengo na nyuma ya stendi,
yote imekufa kifo kimoja:
upepo wa Julai umeipindua ndani nje,
mbavu zimekatika, kitambaa kizima.

Dodoma haina mvua ya kumaliza mwavuli.
Ina upepo.

Mimi ni fundi cherehani. Sare za shule, mashuka,
zipu za watu wanaosema nitapita Jumamosi.
Usiku, zipu zikilala, nilishona vyumba kumi na kimoja,
kimoja cheusi, kimoja cha maua,
kimoja chenye nembo ya benki iliyokwisha kufungwa,
kila chumba mdomo wazi mbele, nyuma nimeziba.
Nyemo, ninayemfundisha kazi, akauliza fito nitaweka wapi.
"Siweki."
"Kitasimamaje?"
"Mwavuli ulikuwa na fito."
Akakata uzi kwa meno, hakuuliza tena.

Jumapili tukakitia kwenye mfuko wa mbolea,
kimekunjwa, hakizidi mto wa kulalia,
tukapanda boda hadi Ihumwa
kwenye shamba la uwele la Chidawali. Limevunwa,
ng'ombe wameshapita, wameacha visiki vya mabua na samadi kavu.
Kamba nne za nailoni, za wavuvi wa Mtera:
mbili za juu za kubeba,
mbili za chini za kusihi.
Mishikio ni mpini wa jembe nilioukata vipande viwili
na bado sijamwambia mwenye jembe.

Nyemo akakiinua. Kikaning'inia mikononi mwake
kama kanzu ya mtu aliyesafiri.
Kisha midomo kumi na mmoja ikameza.
Upepo uliingia kama mpangaji mgeni,
chumba hadi chumba, ukitafuta mlango wa nyuma,
ukakosa, ukakasirika, ukasimama.
Na kitambaa kikapata kifua.

Miaka thelathini na minne navuta nguo chini ya sindano.
Hakuna nguo iliyowahi kunivuta mimi.

Nilipiga hatua moja. Ya pili haikuwa yangu.
Visigino vililima matuta mawili,
nikakaa, nikaburutwa nimekaa,
mbigili zikisoma suruali yangu mshono kwa mshono,
Chidawali ukingoni akipiga kelele, "Achia! Achia, fundi!"
na mimi, mtu wa goti bovu, mtu wa kukopwa,
nacheka mpaka vumbi linanijaa kooni,
nacheka kwa sauti ya yule mtoto
niliyedhani nilimwacha Hombolo na mbuzi wa baba.

Mikono ikajifunza kabla yangu.
Vuta za chini: kinanywea, kinapepesuka, kinashuka.
Legeza: kinapanda kana kwamba kimeitwa.
Kushoto, kulia, kushoto,
kinaandika nane angani, pana kuliko paa la Chidawali.

Mwenye shamba akanijia, mikono nyuma.
"Kinasaga?"
"Hakisagi."
"Kinapandisha maji?"
"Hapana."
"Sasa kinafanya nini?"
"Kinavuta."
"Kinavuta nini?"

Nikampa mishikio.

Sitaeleza alivyoanguka, ni mtu wa baraza la kanisa.
Kofia yake tuliikuta kwenye minyaa ya jirani.
Alipoinuka, ndevu zimejaa samadi,
alitema, akafuta macho, akasema neno moja:
"Tena."

Leo Jumatatu nashona suruali yangu mwenyewe,
kiraka cha maua, hakilingani na chochote.
Bati la duka linagonga, linagonga.
Mbele yetu mwavuli wa jua wa mama muuza karanga
umepinduka, kraa,
na Nyemo ameshatoka mbio.
Namsikia akiulizia bei
ya kitambaa tu, mama, mifupa baki nayo.