Paa la Kuvuja

Kazi yangu ni kuziba.
Uliza yeyote hapa Pipeline:
bati likitoboka, Machogu huitwa na lami yake,
na mvua hubaki nje
kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji.

Sasa mchungaji ananisomea agizo la kale,
juu kabisa ghorofani, kati ya matangi na kamba za nguo:
siku saba mkae vibandani.
Paa liwe la majani, asema,
tena lisizibwe sana, nyota zionekane.
Nikamtazama.
Miaka ishirini na miwili ya nyundo,
na leo naombwa nijenge uvujaji.

Nikaleta fito za mkaratusi kutoka Gikomba,
majani ya mgomba ya jana kutoka Marikiti,
matawi ya mjakaranda yaliyoangushwa na upepo,
maua yake yakininyaukia begani, ngazi baada ya ngazi.
Tunda la maandiko tulilikosa;
tukatumia limau la binti yangu Kwamboka,
alilokuwa amelificha kwa ajili ya kikohozi.
Musembi, mtunza ploti, akatutoza mia tano kwa usiku:
"Mungu wenu alale. Ila maji ya tangi msiguse."

Neno lenyewe liliwachekesha majirani.
Kibanda, hapa kwetu, si sikukuu.
Kibanda ni githeri ya shilingi hamsini,
ni benchi lenye mguu mmoja wa jiwe,
ni askari wa kaunti saa kumi alfajiri
na tingatinga lisilojua kubisha hodi.
Syombua alikuwa nacho kimoja kando ya Outer Ring
hadi Machi.
Tulimwomba atupikie. Akapanda na sufuria mbili zilizobonyea,
akaizunguka kazi yangu kama mnunuzi wa ng'ombe,
akasema:
"Ninyi mnajenga ili mkumbuke.
Mimi nilibomolewa, na sijasahau hata msumari."

Hakuna aliyesema amina.

Usiku wa kwanza nyota zilikuja chache.
Nyingine zikawa ndege zinazoshuka Embakasi,
na Kwamboka akazihesabu zote bila ubaguzi.
Mchungaji akafundisha jangwa, miaka arobaini,
watu waliotunzwa bila kufuli.
Mimi nilikuwa naangalia viungo. Fundi haachi.

Usiku wa tatu, mvua.
Si manyunyu. Vuli ile yenye kudai deni.
Maji yalipita kwenye mgomba
kana kwamba nilikuwa nimeyaandikia barua ya mwaliko.
Tukasimama wote kumi na watatu, Biblia makwapani,
kila mtu akiitazama ngazi.
Syombua peke yake alikaa.
"Sogea," akaniambia. "Hapo kuna tone kubwa.
Hapa kuna dogo.
Mtoto kati. Sufuria hii hapa, nayo ipate kazi."
Alikuwa akilijua paa la namna hii
kuliko sisi tuliolihubiri.
Tukabanana. Mabega yakawa ukuta.
Ugali tukaula na maji kidogo ya mbinguni.
Sijui kama huo ndio utukufu.
Najua sikuwa na cha kuziba,
na mikono yangu ikatulia magotini
kama ndege wawili waliolowa.

Siku ya nane tulibomoa wenyewe, polepole, tukihesabu kamba.
Mchungaji akauliza fito zipelekwe wapi.
Syombua alikuwa keshazifunga mzigo.
Siku mbili baadaye, kando ya Outer Ring, moshi;
na kwenye fundo moja la kamba
ua la mjakaranda limekauka, halijatolewa.
Hadi lini, hakuna ajuaye. Hata yeye haulizi.

Nami nikarudi Kitengela, juu ya nyumba ya mtu mwenye pesa.
Lilibaki bati moja,
na pengo upana wa viganja viwili,
na anga ndani yake.
Nikakaa pale, misumari mdomoni,
hadi mwenye nyumba akaita kutoka chini:
"Fundi, kuna nini?"

Nikapigilia.