Ufunguo wa Sanduku la Moyo

Walipolileta gatini Mkoani
lilikuwa jeupe kama jino la maziwa,
moyo mwekundu umechorwa mlangoni,
na ndani ya moyo, radi.
Bwana wa afya akatuonesha mara mbili:
fungua, bandika huku, bandika hapa,
kaeni mbali, bonyeza.
Mashine itasema yenyewe, msiogope.
Tukapiga makofi. Tukapewa soda.

Jioni meneja akaniita: Hamad,
kitu cha mamilioni hiki,
na watu wa bandari unawajua.
Mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda Chake kununua kufuli.
Nikachagua kubwa, ya shaba.
Risiti ninayo.

Miezi minane ufunguo ukilala kiunoni mwangu.
Kila Ijumaa nikilifuta vumbi lile sanduku.
Halijaguswa, nikisema, na nikijisifu,
kama mpishi anayesifu chungu kwa kuwa hakijaliwa.

Siku ile meli ilichelewa.
Faki Ngwali kabeba gunia la pili la mbatata,
akasema, "Ngojeni kidogo,"
akalitua taratibu, utadhani lina mayai,
kisha akalala juu yake.
Watu wakadhani anapumzika.

Bi Riziki wa tiketi ndiye aliyekimbilia sanduku.
Akavuta. Akavuta tena.
Akaipiga kufuli kwa jiwe, kwa nondo,
kwa lile jiwe langu la mzani, la kilo tano.
Shaba ile.
Nilichagua vizuri.

Mimi nilikuwa Uweleni, hitimani,
mkono umo sahanini,
ufunguo umo kiunoni,
simu imo mfukoni, nimeizima kwa adabu.

Hospitali iko juu kilimani, paa lake unaliona,
lakini paa halishuki.
Dakika kumi na moja, walisema. Wengine, kumi na tatu.
Kila dakika ina bei yake;
mimi kazi yangu hesabu, na hiyo sijaimaliza.

Hakuna aliyenilaani.
Mwezi wa Ramadhani mjane wake, Mwanakheri,
aliniletea bakuli la futari.
Sikuweza kulirudisha tupu, sikujua nilitie nini.

Kufuli niliikata kwa msumeno wa chuma.
Meneja akauliza, "Na likiibwa?"
Nikamwambia, "Tutanunua jingine.
Faki tumnunue wapi?"
Mpaka leo halijaibwa.
Mara moja tu mtu alificha makubadhi yake humo, mvua isiyalowe.
Ufunguo bado ninao. Nikiutupa baharini
nitakuwa nimeusamehe, na mimi sijafika hapo.

Mwezi uliopita lilifunguliwa.
Abiria, mtu mzima, hata jina simjui.
Mashine ikasema kaeni mbali, tukakaa mbali,
na Bi Riziki akabonyeza, macho kayafumba yeye.
Yule alipofumbua yake
alichouliza kwanza ni mzigo wake.

Niliupima. Kilo kumi na nane.
Sikumtoza.