Kishindo cha Manyovu

Fundi Ntakije hakufungua boneti.
Alikaa kiti cha abiria, akaniachia usukani,
akasema: Twende mpaka mlima wa pili, Nyabenda,
na usinieleze kitu.

Tukatoka Mwandiga na madumu kumi na mawili ya mawese nyuma.
Gia ya pili kwenda ya tatu: gu!
Madumu yakaitikia, gu, gu,
kama watu wanaosema amina kwa dua wasiyoisikia.
Kwenye mteremko nikaachia mafuta.
Gari likanitupa kwenye usukani, likanirudisha, likanitupa tena.

"Sikia," akasema,
kiganja amekilaza juu ya dashibodi kama anapima homa.
"Ukikanyaga mafuta, injini inavuta magurudumu.
Ukiachia, magurudumu yanaivuta injini.
Mvutaji anageuka mvutwa,
na katikati yao pana nafasi,
unene wa ukucha tu:
meno ya gia yaliyolika,
krosi iliyokauka grisi,
raba ya mauntini iliyopasuka.
Chuma kinaivuka hiyo nafasi bila kushikwa na mtu.
Kikifika ng'ambo, kinagonga."

Na kile cha kubadili gia?

Akachekea puani.
"Hicho ni klachi. Na mguu.
Injini ina mwendo wake, giaboksi ina wake,
wewe unazifungisha ndoa kabla hazijajuliana hali."

Gereji, chini ya turubai,
akaishusha sahani ya klachi, akaigeuzageuza.
Imeng'aa kama kioo, pembeni imeungua.
"Aliyeendesha kabla yako alikuwa analaza mguu kwenye pedali.
Mguu mzito."

Sikujibu.
Kaka yangu Bitama ana mguu huo.
Masika yaliyopita alinikabidhi funguo, akapanda treni,
akasema atapiga simu akifika Mpanda.

Nilikuwa na hela ya vitu viwili.
Klachi, nikasema. Na mauntini.
Krosi itasubiri mikungu ya chikichi iive.

Jana nimeshuka Manyovu na mzigo.
Kabla ya kuingiza gia ya pili
nikaichokoza injini kwa mafuta kidogo,
ikapanda kumlaki mwenzake,
gia ikaingia kama mkono kwenye mfuko wa shati.

Lakini kona ya mwisho, nilipoachia,
kitu kule chini kikavuka nafasi yake,
kikagonga. Mara moja.
Nimesikia, nikaliambia gari.

Sijui huko Mpanda anaendesha nini,
na mguu wake anaulaza wapi.