Daftari la Ijumaa

Ijumaa, saa kumi na moja, giza limeshaingia;
Punta Arenas mwezi wa Juni haina jioni.
Upepo unashuka mtaani kama mtu mwenye madai,
na manispaa imefunga kamba kwenye nguzo
ili watu wazima wasichukuliwe pamoja na kofia zao.

Nakusubiri mlangoni pa duka la mikate.
Unamleta Danko, vidole vyake kambani,
anahesabu mafundo.
Hunisalimu, sikusalimu.
Unanipa begi, na ndani ya begi, daftari.

Wino wako mwekundu, penseli yangu butu.
Miaka mitatu sasa tunaongea humu tu,
sisi ambao hakimu alituomba tupunguze sauti.

"Sahani ya bluu imepasuka. Nimenunua nyingine,
bluu ileile kwa macho yangu, kwa yake siyo.
Amelala njaa. Tafadhali ichunge yako."

"Shati jipya: kata lebo ya shingoni.
Anasema lina meno."

"Jumanne alijilaza sakafuni dukani.
Mama mmoja akaniambia mtoto hajafunzwa.
Nikakaa naye chini, kati ya sabuni na mafuta,
mpaka taa zikaacha kumpigia kelele."

Hapo nilisoma mara mbili.
Nilidhani ni mimi peke yangu
ninayezijua sakafu za maduka.

Mama yangu, Otilia, hachoki:
mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.
Nami nimemlea, mama,
na alivyo ndivyo alivyo.

Kisha ukurasa wa jana, mistari miwili:
"Usimwambie 'baadaye'. Mtajie saa.
'Baadaye' haina mlango, anaizunguka usiku kucha."

Yasna, chai ilipoa mkononi.
Neno hilo ndilo nililokulisha miaka tisa:
baadaye tutaongea,
baadaye nitapunguza zamu za bandarini,
na alipokuwa na miaka miwili, akiitwa hageuki,
ukasema kuna jambo,
nikasema baadaye.

Sikuandika samahani. Daftari hili si letu.
Niliandika: "Amekula wali mweupe. Sahani bado nzima.
Amelala saa tatu na robo.
Jumapili nitamleta saa kumi kamili."
Nikafuta "kamili", nikaiandika tena, nikaikandamiza.

Jumapili tulichelewa. Mafundo arobaini na moja,
Danko aliyataka yote,
na lile tulilolipita kwa haraka zangu
tulirudi akaligusa.
Ulikuwa umesimama palepale, skafu mdomoni.
Hakunitazama mimi, hakukutazama wewe,
aliitazama saa ya ukutani:
"Saa kumi na dakika saba."

Ukacheka.
Nilikuwa nimesahau kwamba unacheka kwa pua.
Yeye akaishika kamba, katikati yetu,
akaanza kuhesabu upya.