Kuunguza Moshi

Saa saba na dakika kumi usiku. Nje ni hasi ishirini na mbili,
theluji imegandamana na dirisha la jikoni,
na mashamba ya viazi ya Aroostook yametandikwa
kama vitanda vya wodi ambayo haijapata mgonjwa.
Mimi nimechuchumaa mbele ya jiko la chuma.

Lina mishale miwili jiko hili.
Mmoja umebanwa kwa sumaku kwenye bomba.
Wa pili umezama hadi kwenye kichocheo,
lile sega la udongo lenye matundu mengi
ambalo nyuki wake ni moshi.

Mzee Normand Thibodeau, aliyetuuzia nyumba na jiko ndani yake,
alinionya: "Usiuamini mwali. Mwali ni mcheza ngoma,
unakuchekea huku kuni zinakwisha.
Ngoja mshale ufike mia tano, kwa digrii za kwetu,
ndipo ufunge mlango wa juu, moshi upite kwenye sega.
Kabla ya hapo unaliziba pumzi tu."

Mia tatu na themanini.
Mia nne na kumi.
Naandika nyuma ya kalenda ya duka la matrekta.
Gogo linalia fyuu, povu linachuruzika nchani:
ni ule mti wenye jani la bendera ya Kanada,
niliapiwa kuwa umekaushwa miaka miwili.
Mia nne na sitini.
Mia tano na tano.

Nasukuma kishikio. Klak.
Mwali unanywea kama mtu aliyeitwa nje ya kikao,
na juu kule, gizani, sega linaanza kuiva wekundu,
mia sita, mia saba na nusu,
bila ulimi wa moto, bila kelele.
Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto.
Hawakulijua jiko hili:
hapa moto ukikolea, bomba halifuki kitu,
ni nyota tu zinazotetemeka juu ya paa.

Na mimi, mzaliwa wa Moshi,
nimevuka dunia kuja kuunguza moshi.

Desemba yote nilijidai.
Mshale ulisimama mia saba, jioni, alfajiri, mchana wa Krismasi;
niliwapigia simu hata wasiouliza.
Hadi fundi wa bomba alipokuja Januari,
akashusha ndoo tatu za masizi yanayong'aa kama lami,
akaniangalia, akauangalia mshale,
akaugonga kwa ukucha.
Haukutikisika.
Wiki tano nilikuwa nikisoma dua ileile
nikidhani najibiwa.

Sasa nina mshale mpya, nao siuamini.
Kila Jumapili nauchovya kwenye sufuria ya maji yanayotokota
nione kama utasema mia mbili na kumi na mbili.
Juzi ulisema mia mbili na thelathini.
Tangu hapo naukata kumi na nane, kama kodi.

Saa kumi na dakika tano. Mia tano na arobaini, inashuka.
Nafungua mlango wa juu, naongeza gogo, naanza upya.

Aikande yuko zamu, hospitalini Caribou,
anawageuza wazee ubavu hadi ubavu,
naye anapima joto usiku kucha.
"Kwangu mtu akifika mia na tatu tunakimbia," huniambia.
"Kwako mia tatu ni baridi."

Atarudi saa moja kasoro. Atavua buti.
Hatautazama mshale, hajawahi.
Ataweka kiganja ukutani, nyuma ya jiko,
akiache hapo kidogo, amefumba macho.
Kisha ataniuliza, "Ulilala?"
Nitamwambia nililala.

Kalenda iko mezani, chini ya kikombe changu,
picha ya trekta ikiwa juu.