Kuku wa Kuzungumza Naye

Mnada wa Msalato, Jumamosi, saa tatu na nusu.
Vumbi limeamka kabla ya watu.
Ndahani muuza kuku akaniuliza kama alivyozoea:
"Mama, wa supu au wa mayai?"
Nikamwambia, wa kuzungumza naye.
Akacheka mpaka kofia ikamwangukia
katikati ya tenga.

Cheka, mwanangu.
Wewe una watoto watano na mke anayekuita kwa sauti.
Mimi kule Nkuhungu nina redio,
na redio haigeuzi shingo ukiitaja jina.

Sikutazama rangi. Wengi huanzia hapo.
Nilichuchumaa, magoti yakilia kama bawaba za stoo,
nikafungua kiganja chenye uwele kidogo,
nikanyamaza.
Kuku, kama mtu, humjui kwa kumkimbiza.

Kuchi alikuja wa kwanza, mrefu, miguu ya askari,
akanidonoa kidole cha pete
kisicho na pete tangu mwaka ule.
Nikamwacha apite.
Wa namna hiyo nimeshaishi naye.

Akaja kishingo,
shingo tupu kama aliyevua mtandio kwa joto la Oktoba.
Alizunguka mara mbili,
akala punje moja,
akanikagua kwa jicho la upande,
akala ya pili.
Nikasema, huyu twende.

Kisha yule mweupe.
Ndahani alimnyanyua, hakupapatika.
Akamlaza kifuani pangu, akalala.
"Ndiye huyu, mama! Mpole kuliko mto wa kulalia."
Nilishafungua fundo la kanga, noti ziko mkononi,
ndipo nikampapasa kifua:
mfupa umechongoka kama mgongo wa jembe,
upanga wa kichwani umepauka,
jicho linafunga lenyewe, taratibu, mchana kweupe.

Huyu si mpole.
Huyu amechoka.

Naijua tofauti.
Miaka kumi na saba niliitwa mpole
na mawifi, na majirani, na mzee wa kanisa,
kumbe nilikuwa tu sina nguvu ya kupapatika.

Nikamrudisha tengani.
Nikalipa kishingo, nikalipa na kisunzu mmoja mweusi
mwenye nywele za mwanafunzi aliyechelewa namba,
ambaye nilipomshika alipiga kelele, soko zima likageuka,
halafu akatulia, akaanza kuchokonoa kifungo cha blauzi yangu
kana kwamba tumejuana tangu Kongwa.

Yule mweupe?
Nilimchukua pia. Usiniulize.
Nilikuwa nimeshafika kwenye bodaboda, nikarudi.
Ndahani alinipunguzia elfu nne
na safari hii hakucheka.

Nilimtenga na wenzake, jikoni, ndani ya boksi la sabuni,
nikamtwangia mlonge kwenye maji, asubuhi na jioni,
wiki ya kwanza, ya pili.
Kishingo nikampa jina Karani, kwa ukaguzi wake:
kila ndoo, kila kiatu cha mgeni lazima akisome.
Mweusi ni Namba.
Mweupe sikumpa jina.
Niliogopa kumpa.

Shemeji Chilongani akaja Jumapili,
akawatazama kwa macho ya sufuria.
"Umenifugia vizuri," akasema.
Nikampikia mlenda na ugali wa uwele.
Alikula kimya,
Karani akipita karibu na sahani yake, mara tatu, makusudi.

Wiki ya nne, leo asubuhi,
nilimtoa mweupe nimbebe hadi juani.
Akapiga mabawa.
Akanikwaruza mkono mpaka damu ikachungulia,
akaruka juu ya ukuta wa matofali,
akasimama pale, manyoya yamesimama,
akinitukana kwa lugha zote za kuku.

Nilikaa kizingitini nikicheka peke yangu.
Jirani akauliza, vipi huko?
Nikasema, amepona.

Sikumfuata. Sikurusha hata punje.
Jioni, upepo ulipotulia,
alishuka mwenyewe,
akaja mpaka hatua mbili kutoka kwenye ndala zangu,
akainamisha kichwa
akaniuliza kitu.

Nikamjibu.